Mwalimu wa Saa Kumi

Wazazi walipomaliza kubishana juu ya choo cha wavulana na bei ya uji, Mwalimu Wakhungu, mkuu wa shule, aliuliza kama kuna mwenye neno la ziada. Mama Karanja akasimama. Alikuwa Mkikuyu mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, na kunong'ona hakukuwa desturi yake.

"Mimi niko na moja tu," alisema. "Karanja wangu alikuwa mtoto wa kunyamaza. Nimempeleka hospitali, nimempeleka kwa pasta. Miaka miwili anatoka hapa, namuuliza umesoma nini, ananiangalia tu. Sasa tangu hii kilabu ya saa kumi ianze, hata kula hanipi nafasi! Ati Mama, mafunjo yanasafisha maji. Ati Mama, nipe kamba nikuonyeshe fundo. Huyo mwalimu ako wapi? Asimame tumuone!"

Calvince Opiyo alikuwa amesimama tayari, nyuma kabisa, kwa sababu viti vilikwisha kabla hajafika. Alikuwa ametoka kwenye mashua moja kwa moja, akiwa bado na buti zake za mpira zenye matope. Wazazi wakageuka, wakapiga makofi, na mmoja akapiga kigelegele. Calvince akaangalia buti zake.

Mbele, katika safu ya walimu, Selpha alipiga makofi mara tatu kisha akakunja mikono. Ile miaka miwili Karanja alipokuwa akinyamaza, mwalimu wake wa darasa alikuwa yeye.

"Na kuna jambo wengine hamjui," Mwalimu Wakhungu alisema akitabasamu. "Hii familia imetubariki mara mbili. Selpha, hebu simama kidogo wazazi wamjue mke wa Mwalimu Calvince."

Selpha akasimama. Alikuwa na cheti cha ualimu na miaka kumi na mmoja ya chaki. Aliajiriwa na bodi ya shule, mkataba wa muhula kwa muhula, akingoja serikali imkumbuke. Mume wake aliacha shule darasa la saba, na kazi yake ilikuwa kuwazungusha wageni ziwani kwa mashua, akiwaonyesha ndege na viboko. Kila Jumanne na Alhamisi, masomo yakiisha saa kumi, aliwachukua watoto wa Gredi ya Tano hadi ufuoni Dunga. Aliwafundisha kufunga mafundo, kusoma mawingu, kuwasha moto kwa kuni mbichi na kuelea majini. Kazi ya mwezi mmoja na nusu tu, nayo ilikuwa imemfanya yeye kuwa Mwalimu, na mkewe kuwa mke wa mwalimu.

Akatabasamu, akaketi.

*

Jioni hiyo Selpha alipakua omena na ugali. Binti yao Ajwang, mwenye miaka kumi na mmoja na mwanafunzi wa darasa lake, alikuwa akisema kwa niaba ya watu wote.

"Mama, unajua kwa nini kwera anaweka mlango wa kiota chake uangalie chini?"

"Kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Kula."

Ajwang akamtazama baba yake, na baba akamtazama Ajwang, wakatabasamu. Hakukuwa na ubaya wowote katika tabasamu hilo. Lakini Selpha aliliona, likamchoma kifuani kama mwiba wa samaki.

"Ni kwa sababu ya nyoka, Mama," Ajwang alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake asiyejua kusoma. "Nyoka hawezi kuingia."

"Vizuri," Selpha alisema. "Mwambie baba yako akufundishe hesabu pia. Pale ndipo umeanguka."

"Mama Ajwang," Calvince alisema.

"Nimesema uongo?"

Walikula wakisikiliza redio ya jirani.

*

Kesho yake darasani, somo lilikuwa sayansi. Kitabuni kulikuwa na picha ya mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani, amesimama juu ya mti mkavu na mabawa ameyatandaza. Selpha akawaambia watoto kwamba anafanya hivyo ili aonekane mkubwa na kuwatisha adui zake.

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Ulikuwa wa Karanja.

"Mwalimu, hapana," alisema. Sauti yake ilikuwa nene kuliko watu walivyodhani. "Anakausha mabawa. Manyoya yake yanaingia maji, si kama ya bata. Mwalimu Calvince alituonyesha."

Darasa zima likatulia lione nani atashinda. Katika miaka miwili, ilikuwa mara ya kwanza mtoto huyu kuinua mkono. Mwalimu mwema angefurahi hata akatokwa na machozi. Selpha alilijua hilo wakati huohuo, na kulijua kulimzidishia hasira.

"Na huyo Mwalimu Calvince alisomea wapi?" aliuliza. "Toka nje. Simama mlangoni mpaka kengele ilie."

Karanja akatoka. Alisimama dakika ishirini na tano, mikono nyuma, akiangalia ukuta. Ajwang, kwenye dawati la pili, hakuinua macho kutoka kitabuni, lakini hakugeuza ukurasa pia.

*

Jumamosi Selpha alikwenda mjini kununua kufuli. Maduka ya kufuli yako mengi Kisumu. Aliingia kwa Mama Karanja.

"Mke wa mwalimu wetu!" Mama Karanja akaita, wateja wakageuka. "Kufuli? Chukua tu, mama. Leo hulipi. Mwambie mzee ni asante yangu."

Selpha aliishika ile kufuli mkononi. Alikuwa amekuja bila neno lolote moyoni, au hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye.

"Karanja alikueleza ya Alhamisi?" aliuliza.

"Ya Alhamisi gani?"

"Walipoingia majini. Maji yalimfika hapa." Akaweka kiganja shingoni. "Na wiki hiyo viboko walionekana Dunga."

Yote yalikuwa kweli. Ambayo hakuyasema pia yalikuwa kweli: kwamba kila mtoto alikuwa amevaa jaketi ya kuelea na kufungwa kamba kiunoni, na kwamba viboko walionekana ng'ambo ile nyingine, na Calvince alipowaona aliwatoa watoto wote akawapeleka kufunga mafundo nchi kavu.

"Mimi ni mke wake, Mama Karanja, na inaniuma kusema. Lakini pia mimi ni mwalimu. Hana cheti. Hata kimoja."

Mama Karanja akakaa juu ya mfuko wa simiti. Alipokuwa na miaka tisa, huko kwao Murang'a, kaka yake alizama mtoni, yeye akimwangalia. Selpha hakulijua hilo. Aliona tu kwamba uso wa mwenzake umebadilika rangi, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule, moyo wake ukatulia. Alilipa bei yote ya kufuli, akaondoka.

*

Kufikia Jumatatu maneno yalikuwa yameota miguu. Sokoni ilisemekana mtoto mmoja alimeza maji hata akapoteza fahamu. Penginepo ilisemekana kiboko alimrarulia mwingine shati. Mwalimu Wakhungu alipigiwa simu na wazazi tisa, wa kwanza akiwa Mama Karanja, ambaye alikuwa akilia.

Jumanne saa kumi Calvince alifika getini na kamba begani na jaketi zimefungwa pamoja kwa nyuma ya baiskeli. Watoto walikuwa wamejipanga ndani, viatu mkononi. Waswa, bawabu wa shule, hakufungua.

"Bwana Calvince, unisamehe," alisema. "Nimeambiwa usiingie."

"Umeambiwa na nani?"

"Mimi ni wa geti tu, ndugu yangu."

Calvince akamtazama, kisha akawatazama watoto ishirini na wanne waliokuwa wakimtazama. Akakaribia vyuma vya geti.

"Nendeni nyumbani," aliwaambia. "Leo ziwa limechafuka."

Kutoka pale getini ziwa lilionekana lote, limelala kama mafuta kwenye sufuria. Na watoto hao sasa walijua kulisoma. Walielewa kwamba mwalimu wao amewadanganya, na kwamba amelazimishwa, wakaanza kuvaa viatu.

Selpha alikuwa kwenye dirisha la chumba cha walimu. Aliona mumewe akigeuza baiskeli, jaketi moja ikaanguka, akainama kuiokota. Aliona pia Ajwang ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili, na Waswa akimwondoa kidole kimoja kimoja.

Kesho yake mkuu wa shule alimwita ofisini. "Kilabu hakitakufa," alisema. "Wazazi wanataka mtu mwenye makaratasi, na wewe unayo. Alhamisi utaanza."

Nyumbani, Calvince aliposikia, alivua buti zake, akaziweka mlangoni. Kisha akasema, "Afadhali ni wewe. Niliogopa watampa mtu hajui ziwa."

"Mimi nalijua?"

"Nitakuandikia." Akachukua kalenda kuukuu ukutani, akaigeuza nyuma, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo: majina ya ndege, mafundo manne, jinsi ya kupanga kuni. Aliandika mpaka karatasi ikajaa. "Moto usiharakishe," alisema. "Moto ni kama mtoto mgeni."

"Nina kitabu," Selpha alisema.

Karatasi ilibaki mezani.

*

Siku ya Alhamisi mvua ilikuwa imenyesha mchana. Selpha aliwapeleka watoto ufuoni akiwa amevaa viatu vyake vya shule, na hatua ya kumi kimoja kilibaki kwenye matope. Akakivuta. Hakuna aliyecheka.

Aliwasomea ukurasa wa arobaini na mbili kuhusu moto. Kisha akapanga kuni kama zilivyochorwa, akawasha kiberiti. Kijiti cha kwanza kilizimika, cha pili kikazimika. Cha nane kilitoa moshi mwingi ukamwingia machoni, akaendelea kupuliza, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Alingoja kicheko. Angejua la kufanya na kicheko, kwa sababu miaka kumi na mmoja amevizima vicheko vingi. Hakikuja. Badala yake msichana mmoja alimwambia taratibu, "Pole, Mwalimu. Hata sisi siku ya kwanza tulishindwa."

Ajwang akapiga magoti kando yake. Alizitoa kuni zote, akachuna maganda ya ndani ya mti kwa kucha, akayasugua viganjani mpaka yakawa kama pamba, akaweka vijiti vyembamba kama sindano. Kiberiti kimoja. Moto ukashika. Hakumtazama mama yake.

Selpha alisimama akijifuta macho, akagundua jambo lililomwogofya: alikuwa akimwonea wivu mtoto wake wa kumzaa.

Pembeni kabisa Karanja alikuwa amekaa juu ya jiwe. Walipoitwa majina, hakuitika. Aliinua kidole tu.

*

Jumamosi Mama Karanja alikuja Dunga kununua samaki. Alipomwona Calvince akipakaza mashua lami, aligeuza uso. Calvince akaweka brashi chini, akamfuata.

"Mama, mimi si mtu wa maneno mengi," alisema. "Lakini niambie nimekukosea nini. Mtoto wako hajawahi kugusa maji bila jaketi. Hata siku moja."

"Jaketi?" Mama Karanja akasimama. "Jaketi gani?"

"Ya kuelea. Na kamba hapa kiunoni, mwisho wake naushika mimi. Karanja hakukwambia?"

"Sikumuuliza. Nilimkataza tu." Akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini mke wako aliponieleza, hakusema jaketi."

Wachuuzi wa samaki waliokuwa karibu wakageuza shingo.

"Mke wangu," Calvince alisema.

"Si yeye alikuja dukani? Nilijua mmeongea nyumbani."

Calvince alirudi kwenye mashua, akafunika kopo la lami vizuri, akaosha brashi, akapanda baiskeli.

*

Alimkuta Selpha amekaa mezani akisahihisha vitabu. Ajwang alikuwa nje akichota maji kutoka kwenye tangi kwa mtungi wa plastiki.

"Ni wewe," Calvince alisema. Hakuwa anauliza.

Selpha aliweka kalamu nyekundu chini. Alikuwa amejitayarisha kwa siku hii na uongo wa aina tatu, na wote ukamkimbia.

"Ni mimi."

"Kwa nini? Nilikunyima nini?"

"Hukuninyima kitu." Akakifunga kitabu kilichokuwa mbele yake. "Miaka kumi na mmoja, Calvince. Nimefundisha watoto wa watu kusoma jina lao. Nimefundisha na mimba, nimefundisha na malaria. Hakuna mzazi hata mmoja amewahi kusimama aseme, huyu mwalimu ako wapi tumuone. Halafu wewe, wiki sita! Na kamba! Ajwang akitaka kujua kitu siku hizi anakungojea wewe. Mimi niko hapahapa, anakungojea wewe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nakuonea wivu? Mwanamke anamwambia mume wake hivyo?"

Calvince akavuta kiti, akakaa, mikono yake yenye lami ameiweka magotini asichafue meza.

"Mimi nimekuonea wivu tangu tuoane," alisema. "Hukujua? Tukienda kanisani watu wanasema karibu Mwalimu, na mimi niko nyuma nimebeba Biblia yako. Kule kwenu Kombewa ndugu zako wanaongea Kiingereza nikiingia. Siku watoto wako waliniita mwalimu mara ya kwanza, nilienda nyuma ya mashua nikalia kama mjinga. Lakini sikuenda kwa mkuu wa shule kumwambia Selpha hajui kitu."

Nje, maji yaliendelea kumwagika. Mtungi ulikuwa umejaa zamani. Ajwang alikuwa amesimama hapo, amesikia kila neno, na maji yalikuwa yanampita miguuni.

"Sasa unataka nifanye nini?" Selpha aliuliza.

"Mimi sitaenda kumwomba mtu. Ulifunga wewe, ufungue wewe."

Usiku huo, na kila usiku uliofuata, Calvince alilala sebuleni.

*

Mwalimu Wakhungu aliwaita wazazi wa Gredi ya Tano Ijumaa kuzungumzia kilabu. Selpha alisimama bila kungoja kuambiwa. Alikuwa amekariri hotuba yenye maneno kama "kutoelewana" na "taarifa pungufu." Alipofungua mdomo alisema:

"Maneno ya kiboko na maji yalitoka kwangu. Nilificha kwamba watoto walivaa jaketi. Nilifanya hivyo kwa wivu. Mwalimu Calvince hana kosa."

Mzazi mmoja akaguna. Mwingine akasema kwa sauti, "Na ndiye anafundisha watoto wetu!" Walimu wenzake wakaangalia sakafu, kila mmoja akitafuta kigae chake.

Mama Karanja akasimama. "Mimi kaka yangu alikufa maji," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Wewe ulikuja kwa duka langu ukachezea hiyo. Sijalala wiki mbili."

"Nisamehe, Mama Karanja."

"Sijui kama naweza." Akamgeukia mkuu wa shule. "Kilabu irudi. Mtoto wangu amenyamaza tena, na hiyo inaniua kuliko maji. Lakini kila siku ya maji mimi nitakuja kuangalia."

Mwalimu Wakhungu alisema Calvince atarudi, ila sheria ya shule inataka mwalimu mwenye cheti awepo. Akawatazama walimu wake mmoja mmoja. Huyu ana mtoto mchanga, yule anauza chapati jioni. Wa mwisho kutazamwa alikuwa Selpha.

"Aje huyu," Mama Karanja alisema. "Ashike kamba. Lakini nauliza: anajua kuogelea? Mtoto akiteleza ataingia?"

"Sijui," Selpha alisema. Amekaa kandokando ya ziwa maisha yake yote ya ndoa na maji hayajawahi kumpita magoti.

Kicheko kikalipuka, kile alichokingoja ufuoni siku ya moto. Sasa kilipokuja, hakukizima.

"Basi ajifunze," Mama Karanja alisema. "Kabla ya hapo, maji hakuna."

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumfundisha. Hakumwomba. Jumapili baada ya ibada Calvince alisema tu, "Vaa nguo ya kulowa," wakatoka, Ajwang akiwafuata hatua chache nyuma.

Dunga ilikuwa imejaa. Wanawake waliokuwa wakiparua samaki walimwona mwalimu akiingia majini na leso yake kifuani, wakaitana.

"Njooni muone! Mwalimu anabatizwa tena!"

"Zamisha yeye vizuri, baba, dhambi zitoke!"

Calvince hakucheka wala hakuwakemea. Aliyatazama maji kwanza, mbali na karibu, kama alivyofanya kwa kila mtoto. Kisha akaweka mkono wake chini ya mgongo wa mkewe.

"Lala."

"Nitazama."

"Ukikaza mwili utazama. Lala."

Alijaribu, akakaza, maji yakamwingia puani, akamkumbatia mumewe shingoni akikohoa. Wanawake wakashangilia. Mara ya pili ikawa hivyo. Mara ya tatu pia. Ilikuwa wiki ya pili tangu wagusane.

"Utaniacha," alisema, meno yakigongana.

"Sijakusamehe," Calvince alisema kwa sauti ya chini. "Sijui itachukua siku ngapi. Lakini hiyo ni mambo ya nyumbani. Hapa majini sijawahi kumwacha mtu."

Selpha akamtazama usoni, akaona kwamba ni kweli, na akaelewa ni kitu gani watoto ishirini na wanne walikuwa wamekiona kabla yake. Akalala. Masikio yakaingia majini, na vicheko vikakatika. Juu kulikuwa na wingu moja ambalo hakujua jina lake. Akasikia mkono ukitoka mgongoni taratibu, na hakuna kilichobadilika.

Alikuwa anaelea.

Ajwang akaja mbio mpaka maji yakamfika magotini, akirukaruka, akipiga kelele ambazo hata masikio yaliyo majini yalizisikia.

"Baba! Anaelea! Baba, umeweza! Umemfundisha!"

Hata pale, sifa zote zilimwendea Calvince. Wivu ukamchoma Selpha tena, palepale kifuani mahali pake pa siku zote. Hakuufukuza wala hakuufuata. Alilegeza shingo, akauacha umchome, akaendelea kuelea.